Kuishi Imani kwa Kusudi Katika Mwaka wa Korosho: Mwongozo kwa Mkristo wa Mtwara na Lindi

Katika sura ya tatu ya Injili ya Luka, makundi ya watu wanamwendea Yohana Mbatizaji na kumwuliza wafanye nini. Anawajibu kwa mambo ya kawaida kabisa: mwenye kanzu mbili ampe asiye nayo, mtoza ushuru asitoze zaidi ya alivyoamriwa, askari asimnyang'anye mtu wala asimsingizie, bali atosheke na mshahara wake. Hakumwambia hata mmoja wao aache kazi yake akaishi nyikani. Aliwarudisha mahali walipotoka, kila mmoja kwenye meza yake na kambi yake, akiwa na jambo moja mahususi la kutenda.

Kwa sisi tunaoishi Masasi, Newala, Tandahimba, Ruangwa au Nachingwea, mahali petu pa kurudishwa panajulikana. Ni shambani, kwenye mzani wa chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, na nyumbani siku malipo yanapoingia. Kwa miaka mingi nimewasikia Wakristo wenzangu wakilitafuta kusudi la Mungu kana kwamba limefichwa mahali pa mbali, ilhali mwaka wa mkorosho unatupitisha kwenye mitihani ileile, kwa miezi ileile, nasi tunafika kila mtihani bila kuwa tumeamua lolote. Ushauri wangu wote katika mwongozo huu unatokana na jambo hilo moja: amua mapema, kabla fedha na uchovu havijaamua kwa niaba yako.

Anza na daftari. Kwa juma moja, andika kila jioni mahali ambapo fedha, mali au ahadi imepita mikononi mwako, na uandike nani alikuwa upande wa pili. Usiandike hisia zako wala maazimio makubwa. Andika tu kwamba ulimkopesha jirani debe la mahindi, kwamba ulimwahidi kibarua utamlipa Jumamosi, kwamba ulimpimia mteja mchele. Juma likiisha, soma ulichoandika mbele ya Mungu, na uchague mahali pamoja ambapo unajua hukuwa mwaminifu kamili. Chagua pamoja tu, kwa kuwa anayeazimia kurekebisha maisha yote kwa siku moja huchoka kabla ya Jumapili inayofuata.

Wengi wetu, tukisema kweli, tutakuta mahali hapo ni kwa kibarua. Kuanzia mwezi wa Mei mikorosho inahitaji kupuliziwa salfa ili ukungu usiharibu maua, na kazi hiyo mara nyingi hufanywa na kijana wa kukodiwa anayebeba bomba mgongoni kutwa nzima. Huo ndio wakati ambao mwenye shamba hana fedha, kwa sababu mnada wa korosho uko mbali, na ndiyo maana ni rahisi kumwambia kijana asubiri hadi Oktoba. Sheria ya Musa inakataza ujira wa mtu wa mshahara kulala kwako hadi asubuhi. Imo katika Mambo ya Walawi 19:13, na Kumbukumbu la Torati 24:15 inataja sababu, kwamba mtu huyo ni maskini na moyo wake umeutumainia ujira huo.

Litekeleze hivi. Tenga fedha ya upuliziaji kabla ya kumwita mtu shambani, hata ikibidi upulizie nusu ya shamba kwanza. Kama huna fedha kabisa, mwambie ukweli kabla hajabeba bomba, mkubaliane tarehe na kiasi, na mwandike makubaliano hayo wote wawili mkiwa mnayaona, ili awe huru kukataa. Mpatie kitambaa au barakoa ya kuziba pua na mdomo, maji ya kunawa na sabuni, kwani vumbi la salfa huwasha macho na kifua. Mlishe kile unacholisha watoto wako. Mkristo anayeongoza sala ya jumuiya jioni huku kijana aliyempulizia shamba amelala bila kulipwa hajaelewa bado sala yake inaelekezwa kwa nani.

Mavuno yakianza, mtihani unahamia kwenye gunia. Korosho zinapaswa kuokotwa zikiwa zimekomaa, kutenganishwa na bibo, yaani tunda lake laini, kuanikwa juani hadi zikauke vizuri, kisha kuchambuliwa ili mbovu na changa zisichanganywe na nzuri. Kila mkulima anajua jinsi uzito unavyoongezeka korosho zikipelekwa kabla hazijakauka, na wapo wanaotia mchanga au kokoto. Tangu utaratibu wa stakabadhi ghalani ulipoanza kutumika kwa korosho mwaka 2007, korosho zetu hukusanywa kupitia chama cha msingi, zikapelekwa ghala kuu, na kuuzwa mnadani zikiwa pamoja na za wenzetu. Kwa hiyo anayetia maji kwenye gunia lake anamwibia mjane wa kijiji chake mwenyewe ambaye korosho zake safi zimelala ghala moja na zile chafu, kwa maana ubora ukishuka, bei inayoshuka ni ya wote. Mithali 11:1 inasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana, na nadhani kwetu sisi mizani hiyo huanza kwenye jamvi la kuanikia.

Nitasema wazi kosa langu. Msimu mmoja nilipeleka magunia mawili ambayo nilijua hayajakauka, kwa sababu ada ya shule ilikuwa inadaiwa na mvua ilikuwa inatishia. Yalipita. Nilikaa na jambo hilo hadi Kwaresima, ndipo nikaenda kwa viongozi wa chama chetu nikalieleza, na msimu uliofuata nikatoa gunia moja kavu bila kudai malipo yake. Zakayo alirudisha mara nne. Mimi sikufika huko. Lakini nilijifunza kwamba toba isiyogusa mzani hubaki maneno, na tangu hapo naanika siku moja zaidi ya ninayodhani inatosha.

Kuhusu kangomba sina maneno ya kulainisha. Kumnunulia mtu korosho zake kwa bakuli na kwa bei ya chini, au kumpa fedha kidogo mwezi wa Agosti ili uchukue mavuno yake ya Oktoba, ni kufanya biashara kwa njaa ya jirani, na tena serikali imeipiga marufuku. Hali kadhalika kushika mikorosho ya mtu rehani kwa deni dogo, miaka ikapita, watoto wake wakakua bila shamba. Lakini kukemea peke yake hakumsaidii mama ambaye mtoto wake anaumwa leo. Kwa hiyo jumuiya yenu ndogo, au kikundi cha usharika, kianzishe mfuko mara tu baada ya malipo ya msimu, watu wakiwa na fedha. Kila kaya iweke kiasi ilichokubali, mfuko ukabidhiwe kwa watu watatu wanaotoka familia tofauti, na kuanzia Julai hadi Septemba mwanachama mwenye dharura akopeshwe bila riba, alipe baada ya mnada. Hesabu zisomwe mbele ya wote kila mwezi. Kutoka 22:25 inatukataza kumtoza riba maskini tunayemkopesha, na mfuko wa namna hii ndio njia ninayoijua ya kulitii neno hilo bila kumwachia mtu mmoja mzigo wote.

Mezani nyumbani kaeni mwezi wa Septemba, mume na mke pamoja, na watoto wakubwa wakisikia. Andikeni matumizi kabla kiasi hakijajulikana: sadaka na zaka kwanza, madeni, chakula cha hadi mavuno yajayo, sare na mahitaji ya shule za Januari, salfa ya Mei. Baba wa familia, nakusihi kwa upendo: fedha ya korosho ikiingia kwenye akaunti yenye jina lako, si yako peke yako, kwa kuwa mkeo alipalilia na kuokota pamoja nawe. Nyumba ngapi tumeziona zikivunjika kati ya Novemba na Januari, kisha mwenye nyumba akarudi mwezi wa Machi akiwa hana hata nauli?

Sala na iwe fupi na ya kila siku. Wamisionari Wabenediktini, watawa wa Kikatoliki, waliofika Lukuledi mwaka 1895 na kuanzisha Ndanda mwaka 1906 walikuja na kanuni ya sala na kazi, na kengele zao bado zinagawa siku kwa vipindi. Wewe huna kengele, lakini una alfajiri kabla ya kwenda shambani, una kivuli cha mkorosho saa sita, na una jioni. Zaburi moja, Baba Yetu, na jina la mtu mmoja utakayekutana naye siku hiyo vinatosha.

Majirani zetu wengi ni Waislamu, na hapa pwani hadi Mikindani tumeishi nao nyumba kwa nyumba, tukioana na kuzikana. Nenda msibani mapema, usiende kuhesabiwa tu; chimba kaburi, teka maji. Wakati wa Ramadhani, usimpe mfanyakazi wako ambaye amefunga kazi ya juani mchana kutwa kama inaweza kufanywa alfajiri. Akikuuliza kuhusu imani yako, mjibu kwa upole; asipokuuliza, uaminifu wako kwenye mipaka ya shamba umeshasema mengi.

Ukichaguliwa kwenye bodi ya chama, soma hesabu kabla ya kutia sahihi, na ukiona makato usiyoyaelewa, uliza mkutanoni kwa sauti inayosikika. Wakristo tumezoea kunyamaza tukidhani ni unyenyekevu.

Mwezi wa Mei ukirudi, fungua daftari lilelile. Tafuta ukurasa wenye majina ya vibarua wa mwaka uliopita, pitia mmoja mmoja uone kama yuko ambaye hakumaliziwa malipo yake, na kama yuko, mfuate kwao kabla ya kununua mfuko wa kwanza wa salfa.