Kushusha Impreza bila kuiua miguu

Vijana wengi wanaoniletea Subaru Impreza wanataka ilale mpaka kidole kisipite kati ya tairi na fenda. Inapendeza ikiwa imepaki. Kazi ipo kwenye kona.

Impreza za mwanzo wa miaka ya 2000 zimesimama kwa shokapu ndani ya springi kote kunne, na mbele kuna wishiboni moja tu chini, yaani mkono wa chuma unaounganisha tairi na bodi. Ingia shimoni gari ikiwa imekanyaga kwa tairi zake, uichungulie hiyo wishiboni. Kawaida upande wa tairi uko chini kuliko upande wa bodi. Ukishusha inanyooka, ukizidisha, upande wa tairi unapanda juu. Ikifika huko, kwenye kona tairi inalalia bega la nje, na bodi inaweza kuinamia upande kuliko zamani ingawa gari iko chini. Tairodi, fimbo ya usukani inayogeuza tairi, nayo ikipanda, kila tuta linageuza tairi bila wewe kugusa usukani. Kwa hiyo nashusha sentimita 3 basi, wishiboni isivuke usawa.

Nunua springi fupi zilizotengenezwa hivyo. Ya kukatwa kwa grainda haikai vizuri kwenye kikombe chake, na ukipiga jeki inaweza kuchomoka. Ya kuchomwa na gesi sifungi kabisa, hata unilipe mara mbili: moto unaua chuma.

Ukishafunga, usikaze bolti za bushi (zile raba) za wishiboni tairi zikiwa zinaning'inia. Shusha gari chini, itikise, ndipo ukaze. Vinginevyo raba inakaa imejinyonga muda wote na inachanika mapema.

Kisha jaribu shokapu. Inua kava la vumbi, funga kamba ndogo ya plastiki kwenye rodi, isogeze ikae kwenye mdomo wa shokapu. Zunguka barabara unazopita kila siku, ukipakia watu nyuma kama mnakwenda Moshi mwezi wa 12. Kamba ikisukumwa mpaka kwenye raba ya juu, ile inayozuia shokapu isigonge mwisho, hata bila shimo kubwa, springi ni laini mno au umeshusha kupita kiasi. Gari inayokalia raba katikati ya kona inaachia ghafla.

Alaimenti fanya baada ya siku chache, springi zikishakaa. Mwambie fundi anyooshe tairi za mbele na za nyuma. Zikiangaliana vibaya zinaliwa ndani, ambako huoni mpaka waya zitokeze.