Jinsi ya Kupata Gereji Sahihi ya RV Marekani, Hatua kwa Hatua

Ndugu zetu wengi wanaoendesha malori hapa Marekani wameanza kununua RV, zile gari-nyumba zenye kitanda, jiko na choo humo humo ndani. Wengi hununua iliyotumika, na swali wanaloniuliza ni lile lile: ikiharibika niipeleke wapi? Hivi karibuni nimemsaidia kaka mmoja wa Texas ambaye gereji mbili zilikuwa zinarushiana mpira juu ya gari lake, kila moja ikidai ubovu ni wa upande wa mwenzake. Nilichomweleza ndicho ninachoandika hapa.

Jambo la kulishika tangu mwanzo ni kwamba gereji moja inayojua RV nzima karibu haipo. RV ni chasi ya lori au ya gari la mizigo iliyojengewa nyumba juu yake, na ndani ya nyumba hiyo friji ina kampuni yake, jenereta ina kampuni yake, jeki zina kampuni yake. Kwa hiyo tafuta fundi wa kile kipande kilichoharibika. Ukiandika tu "gereji ya RV karibu nami" kwenye simu, utaletewa wauzaji wa magari wenye uwanja mkubwa, na wengi wao huwahudumia kwanza wateja walionunua kwao.

Hatua ya 1: Jua nani katengeneza nini

Fungua mlango wa dereva, au kama hakuna mlango huo angalia ukutani karibu na kiti chake. Utakuta lebo ya mtengenezaji wa chasi na lebo ya mjenzi wa bodi. Piga picha zote.

RV za petroli za aina ya A, zile zenye uso bapa kama basi, nyingi zimekaa juu ya Ford F-53. Aina ya C, zenye kitanda juu ya kichwa cha dereva, nyingi ni Ford E-350 au E-450. Aina ya B, zile ndogo za umbo la vani, ni Mercedes-Benz Sprinter, Ram ProMaster au Ford Transit. Zile kubwa za dizeli zenye injini nyuma, nyingi zina chasi ya Freightliner, injini ya Cummins na gia za Allison. Bodi ni habari nyingine: Winnebago, Tiffin, Newmar, Thor na wengineo.

Kisha zunguka na simu yako upige picha lebo za vifaa: jenereta (mara nyingi Onan), friji na viyoyozi vya paa (Dometic, Norcold, Coleman), hita ya maji, slaidi (kile chumba kinachosukumwa nje ubavuni) na jeki (Lippert, HWH). Unataka modeli na namba ya utengenezaji. Ukipiga simu bila namba hizo utaambiwa ulete gari kwanza, na huko ndiko gharama zinakoanzia.

Ukiwa na namba hizo, angalia pia kama gari lina jambo ambalo mtengenezaji ametakiwa kulirekebisha bure, yaani "recall". Tovuti ya NHTSA, shirika la serikali la usalama barabarani, hutafuta kwa VIN, ile namba ya herufi na tarakimu 17, lakini usiishie hapo. VIN ya RV yenye chasi ya Ford ni ya Ford, kwa hiyo mpigie pia mjenzi wa bodi umpe namba yake mwenyewe. Vifaa navyo huwa na recall zao peke yake: friji za Norcold za mfululizo wa 1200 zilitakiwa kurekebishwa kwa hatari ya moto, na zilitafutwa kwa namba ya friji. Kama umenunua RV ya zamani yenye friji hiyo, lishughulikie hili kabla ya kulala ndani yake.

Hatua ya 2: Amua ubovu uko upande gani

Hapa ndipo watu wanapopoteza muda na hela, nitakaa hapa kidogo.

Mengi hayana utata. Injini inachemka, gia zinateleza, breki zinalia: hiyo ni chasi. Bomba linavuja, friji haipozi, slaidi imekwama: hiyo ni nyumba. Shida ni yale yaliyokaa mpakani.

Chukua kiyoyozi cha dashibodi. Kwenye aina ya C ya E-450, kibanda cha dereva kinatoka Ford kikiwa kamili, na kiyoyozi cha mbele ni cha Ford. Kwenye aina ya A ya F-53, Ford hutoa fremu, injini na magurudumu bila kibanda. Kompresa ipo kwenye injini, lakini mtambo unaopuliza baridi ndani ya dashibodi umewekwa na mjenzi wa bodi, mara nyingi kwa vifaa vya kampuni ya tatu. Wakala wa Ford akikuambia kiyoyozi hicho si chake, anasema kweli kwa nusu ya mfumo. Unachohitaji ni fundi wa viyoyozi vya magari makubwa mwenye cheti cha EPA 609, kile cha kushughulikia gesi ya viyoyozi vya magari, maana yeye hajali nani alifunga nini. Anafuata gesi inakopita.

La pili, na ndilo lililomsumbua yule kaka, ni betri. RV ina mafungu mawili ya betri: ya chasi inayowasha injini, na ya nyumba inayoendesha taa, pampu ya maji na feni ya hita. Injini ikiwaka, alteneta huchaji yote mawili kupitia solenoidi au kifaa kingine cha kuyaunganisha. Ukichomeka waya wa umeme wa kambini, konvata, kifaa kinachogeuza umeme huo kuwa wa betri, huchaji ya nyumba, na kwenye baadhi ya magari kuna kifaa kinachopeleka chaji mpaka betri ya chasi pia. Betri za nyumba zikifa kila ukisafiri, gereji ya malori itapima alteneta, itaona ni nzima, itakurudisha. Gereji ya RV itachomeka umeme, itaona konvata ni nzima, itakurudisha. Wote wawili watakulipisha uchunguzi.

Jipimie mwenyewe kwanza. Nunua multimita ya bei ya kawaida tu, ila iwe na tarakimu, si ya mshale. Fanya hivi:

Chomoa umeme wa kambini na uzime jenereta. Usiruke hili, kwa sababu konvata ikiwa inafanya kazi itaficha ugonjwa wote. Hakikisha swichi ya kukata betri ya nyumba, ambayo mara nyingi ipo mlangoni, iko upande wa kutumia. Liache gari litulie saa kadhaa, maana betri iliyotoka kuchajiwa huonyesha volti za juu ambazo si zake. Sasa pima betri ya nyumba kwenye vichwa vyake vyenyewe, usiamini kioo cha kuonyesha volti kilichopo ukutani. Betri ya risasi iliyojaa na kutulia husoma kama 12.6.

Washa injini. Subiri dakika chache, kwa sababu vifaa vingine vya kuunganisha havifungi mpaka volti za chasi zipande. Pima betri ya chasi, kisha ya nyumba. Zote zikipanda kuelekea 14, njia ni nzima na pengine betri zenyewe ndizo zimechoka. Ya chasi ikipanda na ya nyumba ikabaki 12 na kitu, alteneta ni nzima na ubovu uko kwenye solenoidi, fyuzi kubwa au waya uliowekwa na mjenzi wa bodi: huyo ni mgonjwa wa fundi wa RV. Zote zikibaki chini, nenda gereji ya chasi. Zote zikipanda lakini betri ya nyumba haichajiki ukiwa kambini, mtazame konvata.

Kuna tahadhari. Kama mwenye gari wa kwanza aliweka betri za lithiamu, volti zake ni nyingine kabisa na namba hizi hazikuhusu. Huenda pia kuna chaja maalumu kati ya alteneta na betri, na hapo mtafute aliyeifunga. Na kile kitufe cha dharura cha kuunganisha betri zote ili kuwasha injini usikishike wakati unapima.

Kwa yule kaka, betri ya chasi ilipanda vizuri na ya nyumba haikutikisika. Solenoidi ilikuwa imeungua ndani. Namba hizo aliziandika, akazituma kwa fundi kabla hajafika, na fundi alikuja na kipuri mkononi.

Hatua ya 3: Tafuta kwa upande

Kwa chasi ya petroli, tafuta wakala wa Ford anayehudumia malori na magari ya biashara, si yule wa magari madogo tu. Kwa dizeli, Freightliner ina mtandao wa mawakala wa RV uitwao Oasis, na Cummins ina vituo viitwavyo Coach Care vyenye plagi za umeme ili ulale ndani ya gari likisubiri zamu. Kama unaendesha lori, unavijua tayari vituo vya Speedco na TA: kwa oili, grisi na filta, mimi naviamini kuliko uwanja wa muuzaji wa RV.

Kwa nyumba, chaguo langu la kwanza ni fundi anayekuja ulipo. Anatoza safari, lakini gari lako halilali wiki kadhaa uani kwa mtu likisubiri kipuri, nawe unamwona akifanya kazi. Gari likiwa bado na waranti, muulize kwanza mjenzi wa bodi nani anamkubali. Tiffin wana kituo chao Red Bay, Alabama, Newmar wako Nappanee, Indiana, na Winnebago wako Forest City, Iowa. Watu husafiri majimbo kadhaa kwenda huko, na kwa kazi ngumu ya bodi safari hiyo inalipa.

Kwa paa linalovuja, nenda kwa fundi mwenye kipimo cha unyevu, na umuulize paa lako ni EPDM (la mpira), TPO (la plastiki) au faibaglasi na atatumia gundi gani. Akitaja silikoni ya duka la vifaa vya ujenzi, aga uondoke. Silikoni huacha utando ambao gundi ya baadaye haishiki.

Hatua ya 4: Piga simu

Usitume ujumbe, piga. Uliza nani hasa atakayegusa gari na ana cheti gani. Kwa nyumba, vyeti vya maana ni vya RVTI, taasisi ya mafundi wa RV ya Elkhart, Indiana, na vya NRVTA, chuo cha mafundi wa RV cha Athens, Texas. Kwa injini na breki, ASE, cheti cha mafundi wa magari, na kama ni gari zito uliza ASE ya malori. Kwa gesi ya kupikia, uliza kibali cha jimbo. Texas, kwa mfano, kazi za gesi ya LP (hiyo ya kupikia) zinasimamiwa na Railroad Commission, tume ya jimbo hilo, licha ya jina lake la reli. Cheti kilichotundikwa ukutani kinaweza kuwa cha fundi aliyeacha kazi, ndiyo maana unauliza jina.

Kisha uliza mlango wao una futi ngapi na lifti inabeba paundi ngapi. Aina ya A hufika futi 12 au 13 kwenda juu, na F-53 nzito hufika paundi 26,000. Ukisikia kigugumizi hapo, hawajawahi kuiingiza.

Malizia na bei ya saa, na kama ada ya uchunguzi inakatwa kwenye bili ukikubali kazi.

Hatua ya 5: Karatasi

Pata makadirio kwa maandishi, na uandike "msivuke kiasi hiki bila kunipigia". California sheria inaitaka gereji ikupe makadirio hayo na ipate idhini yako kabla ya kuanza; kwingine jilinde mwenyewe. Omba urudishiwe vipuri vya zamani kabla kazi haijaanza. Kama una waranti ya ziada uliyoinunua, gereji impigie mtoa waranti kabla ya kufungua chochote, la sivyo hatalipa. Na muuzaji akikuambia kubadilisha oili kwingine kunafuta waranti ya mtengenezaji, mtajie Sheria ya Magnuson-Moss ya 1975, sheria ya waranti ya nchi nzima, kisha utunze risiti zako.

Hatua ya 6: Miadi

Kaskazini, kuanzia Aprili kila mtu anakumbuka RV yake kwa pamoja na foleni inakuwa ndefu. Kazi kubwa, kama slaidi au paa, iwekee miadi ya majira ya baridi kwa gereji yenye jengo lenye joto, maana gundi nyingi hazishiki kwenye baridi kali. Kabla ya kuipeleka, toa maji yote kwenye mabomba, ingiza ile dawa ya pinki ya RV inayozuia mabomba yasigande, na uandike kwenye karatasi ya kazi kwamba mabomba yana dawa, ili asije mtu akafungulia maji kujaribu bomba na kuliacha gari uani usiku wa barafu.