Kumfundisha Mwanafunzi Kuandika Insha ya Kulinganisha na Kulinganua

Insha nyingi za aina hii ninazosahihisha huwa ni insha mbili zilizobandikwa pamoja: aya za kitu cha kwanza, aya za kitu cha pili, kisha "hivyo basi, vinafanana na kutofautiana." Kinachokosekana ni vigezo, na vigezo hufundishwa.

Hatua ya 1: Teua jozi inayozua swali

Vitu viwe vya kundi moja na vikaribiane. Mimi hupenda sayari za Dunia na Zuhura. Kipenyo cha Dunia ni kilomita 12,756 hivi kwenye ikweta, cha Zuhura 12,104; karibu pacha. Lakini joto la uso wa Zuhura hufikia takriban nyuzi 465 za Selsiasi. Darasa litauliza lenyewe: kwa nini? Insha imeshapata sababu ya kuandikwa.

Hatua ya 2: Chora jedwali la safu tatu

Safu ya kwanza ni ya vigezo (ukubwa, angahewa, joto, maji), mbili zinazobaki ni za sayari. Usikubali kigezo kijazwe upande mmoja tu. Mwanafunzi akiandika kwamba angahewa ya Zuhura ni kabonidioksaidi kwa asilimia 96 hivi, aseme pia kuwa ya Dunia ni naitrojeni asilimia 78 na oksijeni 21. Walimu wengi hutumia miduara miwili inayopishana. Inafaa kukusanyia mawazo, ila inaficha vigezo, kwa hiyo hamieni kwenye jedwali mapema.

Hatua ya 3: Toa dai

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi. Muulize: "Jedwali lako linathibitisha nini?" Akijibu kwamba sayari hizo zina mfanano na tofauti, mrudishe kwenye jedwali na umsubiri. Unatafuta kitu kama hiki: "Ingawa Dunia na Zuhura zinakaribiana kwa ukubwa, angahewa nzito ya Zuhura imeifanya isikalike." Dai hilo litamwonyesha pia cha kuacha. Zuhura hujizungusha mara moja kwa siku 243 za Dunia. Ni jambo la kuvutia, lakini halitetei dai, basi liondoke.

Hatua ya 4: Panga aya

Anaweza kumaliza kitu kimoja ndipo aingie cha pili, au aende kigezo kwa kigezo. Kwa anayeanza nasisitiza njia ya pili, maana kila aya inamlazimu alinganishe.

Hatua ya 5: Viunganishi

Mpe vichache: vilevile, kama ilivyo kwa, ilhali, kinyume na. "Dunia ina bahari, ilhali uso wa Zuhura ni mkavu."

Hatua ya 6: Kuhariri

Apigie mstari kila panapotajwa kitu cha kwanza kwa rangi moja, na cha pili kwa rangi nyingine. Aya ya mwili wa insha yenye rangi moja tu iandikwe upya kabla hujaisahihisha.