Namna ya kuchambua makosa ya anayejifunza lugha ya pili

Ukisahihisha makosa yote kwa dawa moja, nusu ya kazi yako itapotea, maana hayana chanzo kimoja. Nadharia za mwanzo za ujifunzaji wa lugha ya pili zilipingana vikali, ila kila moja ilishika ncha yake.

Kwanza kusanya data. Chukua insha ya ukurasa mmoja na, siku nyingine, masimulizi ya dakika tano yaliyorekodiwa. Mazoezi ya kujaza nafasi hayafai, hupima alichokariri.

Kisha tenga kuteleza na kosa, kama alivyoshauri mwanaisimu Pit Corder mwaka 1967. Mwonyeshe mwanafunzi sentensi bila kumdokezea kasoro ilipo. Akijisahihisha, aliteleza tu, achana nayo. Akishindwa, ijaze kwenye jedwali la safu tatu: alichosema, alichokusudia, umbo sahihi. Wengi huruka safu ya kati, wakaishia kusahihisha ujumbe ambao mwenyewe hakuukusudia. Muulize.

Sasa tafuta chanzo. Tuseme mzungumzaji wa Kiingereza anajifunza Kiswahili. Akisema "kubwa nyumba", au saa tatu asubuhi akaiita "saa tisa asubuhi", hiyo ni lugha yake ya kwanza inajitokeza. Robert Lado alijenga hoja hiyo mwaka 1957: linganisha lugha mbili, na zinapotofautiana tarajia ugumu. Msingi wake ulikuwa imani ya wanasaikolojia wa utabia kwamba lugha ni mazoea, na ya zamani huyaingilia mapya.

Lakini huyohuyo atasema "kifaru kikubwa" kwa maana ya mnyama (cha vita ni sawa), na "hatunasoma". Hayo hakuyatoa kwenye Kiingereza. Amesikia kiti kikubwa na kikombe kikubwa, akamtia kifaru humo. Ameona "tutasoma" ikikanushwa "hatutasoma", akaifuatisha. Mwaka 1972 Larry Selinker aliuita mfumo huu wa mwanafunzi lugha ya mpito: una kanuni zake, ingawa si za lugha yoyote kati ya hizo mbili. Alitaja pia makosa yanayozaliwa na ufundishaji wenyewe, kwa hiyo kagua kitabu chako kabla ya kumlaumu mwanafunzi.

Kwa makosa ya aina ya kwanza, dakika kumi za mazoezi ya jozi (umbo lake kando ya umbo sahihi) zinasaidia, hasa kwenye matamshi na mpangilio wa maneno. Kwa aina ya pili, kukaririsha hakufui dafu: atatamka "hatusomi" mara ishirini leo, kesho aseme "hatunaandika", kwa kuwa kanuni yake haijaguswa. Mpe mifano inayoivunja, kama kifaru mkubwa, kipofu mmoja, kiongozi mzuri, umwache atambue mwenyewe kinachoiunganisha.

Mtego mkubwa ni ukimya. Mwaka 1974 Jacquelyn Schachter alionyesha kwamba wanafunzi Wachina na Wajapani walikosea vishazi rejeshi vya Kiingereza (vya "who" na "which", kama "aliyevaa" ya Kiswahili) mara chache kuliko Waarabu na Waajemi, kumbe walivitumia kwa nadra. Kwa hiyo hesabu makosa pamoja na mara umbo lilivyotumika. Lisipotokea kabisa, tunga kazi isiyokwepeka: mpe picha ya watu wawili wanaofanana, mmoja ana kofia, amtaje mmoja bila kunyoosha kidole. Hapo "aliyevaa" haina mbadala rahisi.