Kusoma matokeo ya rigresheni ya sifa nyingi: mfano wa dagaa wa kukaanga

Rigresheni ya sifa nyingi ni mlinganyo unaoonyesha jinsi kila sifa inavyohusiana na matokeo, sifa nyingine zikibaki zilivyo. Wengi wakishapata jedwali la matokeo hukimbilia thamani za p (uwezekano wa kupata matokeo kama hayo au makali zaidi ikiwa sifa haina uhusiano wowote), huhesabu zilizo chini ya 0.05, kisha huandika ripoti. Muuza dagaa wa soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, anayesubiri kuambiwa arekebishe nini anaishia kupewa jibu bovu. Tusome taratibu.

Namba zilizo hapa ni za kufundishia tu. Waonjaji 60, kila mmoja ameonja mabakuli 4 ya dagaa wa kukaanga wa Ziwa Victoria: mawili ya waliokaushwa kwenye chanja, mawili ya waliokaushwa mchangani. Mabakuli yamepewa tarakimu 3 za kubahatisha, mpangilio unabadilika kwa kila mwonjaji, na kuna maji ya kusukutua kinywa katikati. Kupendwa kumepimwa 1 hadi 9 (5 ni "sipendi wala sichukii"). Ukavu, uchungu na chumvi pia 1 hadi 9. Chanja ni 1, mchangani ni 0.

Kupendwa = 4.20 + 0.40 ukavu − 0.35 uchungu + 0.06 chumvi + 0.80 chanja

Hatua ya 1: Tamka kila kizigeu (namba inayozidishwa na sifa) kwa sentensi kamili. "Uchungu ukiongezeka alama 1, sifa nyingine zote katika mlinganyo zikibaki zilivyo, kupendwa hushuka 0.35." Maneno ya katikati ndiyo yanayoachwa, na ndiyo yenye uzito. Angalia chanja: 0.80 si faida yote ya chanja. Ikiwa chanja huwafanya dagaa wakauke vizuri, sehemu ya faida hiyo imeshahesabiwa ndani ya ukavu. 0.80 ni kilichobaki, pengine kwa kuwa hakuna chembe za mchanga menoni, sifa ambayo hatukuipima. Anayetaka faida nzima ya chanja aendeshe mlinganyo mwingine bila ukavu na uchungu.

Ile 4.20 iache. Ni alama ya dagaa wa mchangani wenye ukavu, uchungu na chumvi 0, na kipimo chetu hakina 0.

Hatua ya 2: Angalia kosa sanifu (kizigeu kinaweza kuyumba kiasi gani). Kwa ukavu ni 0.10, zidisha kwa 2 hivi, kitoe na ukijumlishe kwenye 0.40, upate masafa ya uhakika ya 95% (thamani zinazoendana na data): 0.20 hadi 0.60. Kwa chumvi ni 0.09, masafa ni −0.12 hadi 0.24, yanapita kwenye sifuri. Usiandike bado kwamba chumvi haina maana, tutairudia.

Hatua ya 3: Linganisha kwa haki. 0.80 ni kubwa kuliko 0.35, lakini vipimo havifanani. Zidisha kizigeu kwa mkengeuko sanifu wa sifa yake (jinsi alama zake zinavyotawanyika kutoka wastani). Uchungu: 0.35 × 2.0 = 0.70. Ukavu: 0.40 × 1.2 = 0.48. Chanja: 0.80 × 0.5 = 0.40. Kumbe uchungu ndio unaotofautisha dagaa hawa zaidi, na hapo ndipo muuzaji aanzie.

Hatua ya 4: Tafuta kilima. Chumvi haiendi kwa mstari ulionyooka. Ikipungua watu hulalamika, ikizidi hulalamika. Ukipitisha mstari mmoja juu ya kilima, hulala karibu tambarare, na ndiyo maana tulipata 0.06. Toa 5 kwenye kila alama ya chumvi, kisha ongeza mraba wake kama sifa mpya. Tuseme sasa unapata 0.06 kwa chumvi na −0.12 kwa mraba: kilele ni 5 + 0.06 ÷ (2 × 0.12) = 5.25. Chumvi ina maana kubwa, ila ina kiwango chake.

Hatua ya 5: Sifa zinazotembea pamoja. Ukiongeza rangi ya kahawia kwenye mlinganyo, dagaa waliokaa zaidi kwenye mafuta watakuwa wakavu na wa kahawia kwa pamoja. Hapo makosa sanifu huvimba, na alama ya jumlisha inaweza kugeuka kutoa. Kokotoa VIF, kipimo cha uvimbe huo: 1 ÷ (1 − R mraba ya sifa hiyo ikitabiriwa na nyingine). R mraba ni sehemu ya tofauti za alama inayoelezwa na mlinganyo. R mraba ya 0.8 inatoa 5, ya 0.9 inatoa 10. Ukifika huko, bakisha sifa moja.

Maswali yanayoulizwa

*Mwalimu, R mraba yangu ni 0.31. Nitupe kazi?*
Hapana. Ladha za watu hutofautiana sana, na alama ya mtu mmoja mmoja ni ngumu kutabiri. Vizigeu bado vinaweza kuwa sahihi.

*Nina mistari 240 ya data (watu 60 × mabakuli 4). Je, sampuli yangu ni 240?*
Sivyo. Ni watu 60, na kila mtu ana mkono wake: mmoja huanzia 7, mwingine hapandi juu ya 5. Mpe kila mwonjaji kianzio chake kwa modeli mchanganyiko. Kwenye programu ya takwimu ya R tumia amri ya lmer. Kwa chanja tatizo ni zito zaidi: una mabakuli 4 tu. Kama ya chanja yote yametoka mtumbwi mmoja, huwezi kutenganisha chanja na mtumbwi. Chukua mafungu kadhaa tofauti kwa kila njia ya kukausha.

*Nikitumia wastani wa alama za sifa za jopo la waonjaji waliofundishwa kupima sifa, badala ya alama za sifa za walaji?*
Ni vizuri, kwa sababu mlaji aliyependa dagaa huelekea kuipa kila sifa alama nzuri. Lakini ukiwa na mabakuli 4 hakuna mlinganyo unaobeba sifa zaidi ya 3, na hizo 3 zenyewe zitapita sawasawa kwenye kila wastani bila kukufundisha kitu. Ongeza aina za dagaa kwanza.