Kausha jiwe kabla ya kulipaka rangi

Kwa wanaowapakia watoto mawe rangi na kuyaficha mtaani ili majirani wayatafute: jiwe la ziwani likaushe juani siku mbili tatu kabla ya kuligusa kwa brashi. Nimejifunza hili hapa Katosi, kando ya Ziwa Victoria nchini Uganda, baada ya samaki wote niliowachora juu ya mawe kubanduka ndani ya wiki moja. Jiwe lililotoka majini huonekana kavu kwa nje huku vitundu vyake vya ndani vikiwa bado na maji. Jua likiyapasha moto, unyevu hutafuta njia ya kutokea, ukainua rangi kama lengelenge. Lisugue mchanga na sabuni, lisuuze, lianike, uligeuze mchana. Kisha tumia rangi ya mafuta iliyobaki baada ya kupaka mtumbwi. Hata kopo lenye vijiko viwili linatosha sato mzima na magamba yake. Ipake nyembamba, mara mbili.

Njia hii haisaidii kwa jiwe laini linaloacha unga kidoleni, wala kwa rangi ya maji ya ukutani: mvua moja tu, imekwisha.

Kuficha nako kuna mambo yake. Usiweke karibu na mahali mukene (dagaa) unapoanikwa, maana jiwe zuri litachukuliwa kukandamizia nyavu au turubai. Na tafadhali, lisiwe ukingoni mwa maji. Mtoto atakayelitafuta ataingia ziwani, na kichocho kipo. Chini ya mwembe, dirishani kwa jirani, penye kisima: huko ndiko.