Kuotesha na Kuhamisha Miche ya Siala

Huku Maseno, magharibi mwa Kenya, siala, ule mti wa maua ya njano, umejaa kwenye maboma, kwa hivyo sioni haja ya kununua miche. Chuma maganda yake marefu yakishageuka kahawia, kabla hayajapasuka. Mbegu zina mabawa meupe membamba, na upepo ukikutangulia, umezikosa. Yaanike kivulini yafunguke yenyewe. Kuloweka hakuhitajiki.

Tandaza mbegu kitaluni, zifunike kwa udongo mwepesi, mwagilia. Mche ukitoa jozi ya pili ya majani, uhamishie kwenye pakiti ya maziwa iliyotobolewa chini. Ushike kwa jani, si kwa shina. Jani likikatika litaota jingine. Shina likibonyea, huna mche.

Mzizi mkuu nao una haraka. Inua pakiti mara kwa mara, na ukitokeza chini ukate kwa wembe, la sivyo utazama ardhini na siku ya kupanda utaung'oa nusu.

Mvua ndefu ikishika, Aprili hivi, chimba shimo la futi moja na nusu, uchanganye udongo wa juu na samadi iliyooza. Chana pakiti bila kuvunja donge. Panda jioni. Na kama jirani ana mbuzi, zungushia miiba siku hiyo hiyo.